Hema zuri kwenye picha, usiku ni habari nyingine: wikendi ya glampingi ufukweni na familia

Nianze na ukweli, mi sio mtu wa kambi. Nilishawahi kulala kwenye hema nikiwa mwanafunzi, mgongo juu ya jiwe usiku kucha, nikaapa sirudii tena. Sasa hii glampingi nikaambiwa ni kambi ya watu wanaopenda raha zao, hema kubwa lina kitanda cha ukweli, shuka, zulia, taa, we unabeba begi la nguo tu na watoto wako. Halafu zile picha jamani. Mlango wa hema uko wazi, kitanda cheupe katikati, mbele yake bahari na hakuna kingine, yaani hata kochi la nyumbani nikaanza kulichukia. Nikabuki siku hiyohiyo, Ijumaa mpaka Jumapili, mwanzo wa kiangazi cha huku nchi za baridi, kabla watu hawajawa wengi. Tulikuwa watano, mimi, mume wangu, mkubwa wa miaka 9, mdogo wa miaka 5, na mama mkwe ambaye sikumuelezea vizuri tunaenda wapi, hilo kosa nalikubali.

Mama alipoliona hema alisimama kidogo akashika kiuno. "Mwanangu, kwa hiyo tumefunga nyumba yenye ukuta, tukalipa hela, tuje kulala nje?" Nikamwambia mama subiri uone ndani. Akaingia, akakikalia kitanda, akakibonyeza na kiganja mara mbili, akasema basi hiki changu. Ndo hivo, kile kitanda cha kwenye picha mi na mume wangu hatukukigusa siku zote mbili, tukaenda chini kwenye magodoro na watoto.

Ndani penyewe pazuri, siwezi kusema uongo. Hema la duara la turubai ya pamba, upana wa mita 5, nguzo moja katikati. Ukipiga hesabu ni kama mita za mraba 20, inasikika kubwa, ila elewa kwamba hema la hivi limekaa kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa, katikati unasimama na kunyoosha mikono, pembeni unatembea umeinama kama unatafuta sindano. Na vitu vyote wameviweka pembeni. Mume wangu ni mrefu, alibamiza kichwa kwenye taa ya urembo mara nne kabla ya chakula cha usiku. Ukiwa unabuki, usigawe ile mita 20 kwa idadi ya watu ukadhani umepata jibu. Sisi watano ilikuwa inabana, watu wanne wenye watoto wadogo ingekuwa sawa kabisa.

Kitu ambacho picha haikuonyesha ni kwamba gari linaachwa mbali, kama mita 300, na kutoka hapo ni mchanga. Wanakupa toroli. Toroli ya matairi membamba kwenye mchanga mkavu, nani aliwaza hilo sijui, mkisukuma inazama, mkivuta inazama, mwisho mume wangu akabeba mabegi kichwani na toroli tukamuachia mdogo acheze nayo. Nendeni na mabegi ya mgongoni, ya kuburuza muyaache nyumbani.

Sasa usiku wa kwanza. Hapa ndo nilipoelewa kile nilichokuja kuandika, kwamba ile sehemu imepangwa na mtu aliyekuwa anawaza picha. Milango ya mahema yote ya mbele inatazama bahari moja kwa moja. Mchana ukikaa hapo na kikombe cha chai unajiona tajiri. Ikifika usiku na upepo unatoka huko huko baharini, mlango ndo sehemu dhaifu ya hema, una zipu na vitambaa viwili vinavyopishana, na upepo unaupiga usoni. Turubai ilikuwa inapiga pa! pa! pa! kama mtu anakung'uta zulia kichwani kwako. Hema ukiligeuzia upepo mgongo linatulia, huo mgongo umetelemka na upepo unapita juu yake, kila anayepiga kambi anajua, na hawa wenye biashara najua wanajua. Ila mgongo haupigwi picha.

Saa 8 usiku mama akaniita kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hili linaondoka." Nikamwambia haliondoki mama, huku mi mwenyewe nimeshashika mguu wa mtoto. Mume wangu akatoka na tochi mdomoni akakuta vigingi vitatu vya upande wa baharini vimelegea, kamba inacheza. Na ni lazima vilegee, vilikuwa vile vifupi vyembamba vya kwenye udongo mgumu, mchanga haushiki kigingi kama hicho hata ukigonge mpaka uchoke. Akavirudisha, akaweka mawe juu, akaingia amelowa na mchanga mpaka masikioni. Tukalala saa 9 na ushee.

Asubuhi nikaenda kulalamika nikiwa nimejiandaa kabisa kwa ugomvi, nikakutana na kijana wa pale, mpole, akasema pole dada nakuja. Alikuja kweli, na hapa nampa sifa zake zote. Akachimba mashimo kama ya goti kwenda chini, akajaza mifuko mchanga, akafunga kamba kwenye mfuko, akauzika umelala kukingama na kamba halafu akashindilia. Usiku wa pili hata kamba hazikutikisika. Nikamuuliza kwa nini hamfanyi hivi kwa wote tangu mwanzo, akacheka tu. Jibu nililipata.

Halafu kuna suala la kukucha, hili hakuna anayekwambia. Mwanzo wa kiangazi ndo wakati mchana ni mrefu kuliko wote, na turubai ya rangi ya maziwa haizuii mwanga hata kidogo, inaung'arisha. Saa 11 kasoro alfajiri ndani ya hema kulikuwa kweupe kama sebuleni na taa zote zimewashwa. Mdogo akakaa, akatangaza "Kumekucha!" kwa sauti ya muadhini, na ikawa kumekucha kweli kwa kila mtu, nina hakika mpaka hema la nne. Ndege nao walishaanza. Kwa hiyo mtu aliyelala saa 9 kaamshwa saa 11. Kama una mtoto wa umri huo, beba kitambaa cheusi kikubwa na vibanio vya nguo, ning'iniza upande wa jua linakochomozea, hiyo ndo siri ya usiku wetu wa pili, tulilala mpaka saa 1, mama mkwe akasema anaanza kuizoea hii nyumba ya kitambaa.

Baridi nayo. Mchana unatembea na kaushi, usiku unataka soksi mbili. Bahari mwanzo wa kiangazi bado haijapata joto, maji yanachelewa sana kupata moto kuliko ardhi, kwa hiyo hewa ikikaa juu ya yale maji inakuja kwako imepoa tena ina unyevu. Walituwekea mablanketi ya kutosha ya kujifunika, ila baridi ya hema inatoka chini, hasa ukiwa kwenye godoro la hewa, ile hewa ndani yake inapoa na wewe juu yake unapoa nayo. Tukatoa blanketi mbili za juu tukazitandika chini yetu, tofauti ikaonekana papo hapo. Kitandani kwa mama hakukuwa na shida hiyo, alikuwa anatuulizia hali tu kutoka juu.

Haya, yote hayo nimesema, sasa nikwambie kwa nini sikudai hela yangu. Jumamosi asubuhi.

Ijumaa jioni mwezi ulitoka mpevu, mkubwa, sisi tunapiga picha, mama akautazama akasema "kesho bamvua, maji yatatoka mbali". Yeye kakulia karibu na bahari, mi nikaitikia tu ndio mama. Asubuhi tunafungua mlango, bahari haipo! Pale palipokuwa na mawimbi jana kuna mchanga mtupu wenye mistari mistari unaenda mpaka huko mbali kwenye mawe ambayo hata hatukujua yapo. Maji yalifika mwisho wa kupwa kama saa 4. Tukatoka wote watano na ndoo moja. Kwenye mawe kule kuna vidimbwi vimebaki na maji, na kila kidimbwi kina mji wake, kaa wadogo wanakimbia kiubavu, konokono waliojibandika kwenye jiwe hata uvute vipi hawatoki, vijisamaki vinavyoonekana pale tu vinapostuka, na mkubwa akapata kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, akakilaza kwenye kiganja, kimya, dakika nzima, mtoto ambaye nyumbani hakai kimya hata akila. Bibi yake akamwambia kirudishe upande uleule wa jiwe ulikokitoa, na jiwe ukiligeuza ligeuze tena lilivyokuwa, waliomo chini yake wanakauka. Kuanzia hapo mtoto akawa askari wa mawe, kila anayepita anakaguliwa.

Mama mwenyewe alikunja nguo mpaka magotini akaongoza msafara. Sijawahi kumuona vile. Alikuwa anaonyesha mashimo madogo kwenye mchanga na kusema huyu ni nani na yule ni nani, mdogo anachimba kuhakikisha. Tulikaa kule saa mbili na nusu bila mtu kuuliza simu iko wapi. Hilo sikulilipia hata senti na ndo lilikuwa zuri kuliko vyote.

Ila hapohapo ndo kuna lawama yangu kubwa. Yale mawe yako mbali na katikati kuna bonde la mchanga, na bonde ndo linajaa kwanza, kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye mawe anashangaa maji yako nyuma yake. Pale kambini hapakuwa na ratiba ya maji kupwa na kujaa, hata karatasi moja ukutani! Kuna karatasi ya waifai, kuna karatasi ya muda wa kurudisha funguo za bafu, ya bahari hamna. Kilichotuokoa ni mama, saa 6 na nusu akanyanyua kichwa akasema tunarudi, sasa hivi, na alivyosema hakuna aliyebisha. Tukipita bonde maji yalishafika kwenye vifundo vya miguu, robo saa baadaye nilipotazama nyuma yangemfika mdogo kiunoni.

Baadaye mume wangu akanieleza hesabu ya mabaharia, maji yanapanda kwa saa 6 hivi lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kina chote mafungu 12, saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ina maana saa ya tatu na ya nne peke yake zinaleta nusu ya maji yote. Sisi maji yalianza kurudi saa 4, kwa hiyo kuanzia saa 6 ndo yalikuwa yanakimbia, na siku za bamvua kina chenyewe ni kikubwa kwa hiyo yanakimbia zaidi. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, usikariri wa jana. Haya yote yanaingia kwenye karatasi moja, waiweke hata chooni.

Mchana ulikuwa wa kawaida. Upepo wa bahari ukaanza kama saa 7, ule wa kila siku ya jua, ardhi ikipata moto hewa yake inapanda na ya baharini inakuja kuziba nafasi, mchanga ukaingia kwenye mkate, tukala hivyohivyo. Maji ya kuogelea ni baridi ya kukata pumzi, kweli kukata pumzi, ukijitupa ghafla kifua kinabana na unavuta hewa bila kutaka, ndo maana watoto tuliwaingiza taratibu, miguu, magoti, kiuno, tukasubiri pumzi itulie. Dakika 10 midomo ikaanza kubadilika rangi, tukatoka. Mume wangu alijifanya hapati jua kwa sababu kuna upepo na ubaridi, losheni akapaka watoto tu. Jua la mwanzo wa kiangazi liko juu kuliko wakati wowote wa mwaka, ubaridi wa hewa haulipunguzi makali. Akaungua miguuni, juu ya nyayo, alama za kandambili ziko mpaka leo.

Vyoo na mabafu, safi, maji ya moto yapo mpaka yanapoisha, na yanaisha saa 2 usiku. Kutoka hemani kwetu ni hatua 140, najua kwa sababu nimezihesabu nikiwa nimembeba mtu wa miaka 5 saa 10 usiku, njia haina taa. Umeme wa sola unatosha taa za hema na kuchaji simu moja na nusu. Nendeni na pawa benki. Jiko la pamoja lina friji moja la watu wote, mambo ya friji la pamoja mnayajua.

Kitu kingine walichofanya vizuri niseme, maana wengi hawafanyi. Hema lina jiko la kuni la chuma lenye bomba linalotoa moshi nje, na juu ya kitanda kuna kengele ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, na kijana alituonyesha inavyolia kabla hajatukabidhi hema. Nje kila hema lina jiko lake la mkaa la kuchomea. Usiku wa pili baridi ilipoanza mume wangu, mtu mzima, kasoma, akasema si tuingize lile la nje, mkaa umeshabaki majivu tu, litupashe kidogo. Nikamtazama. Mkaa unaoonekana umezimika unaendelea kutoa ile hewa kwa masaa, haina harufu, haina rangi, mtu analala na haamki. Mama akamwambia "likae hukohuko nje, na wewe ukitaka ukae nalo." Tukawasha la kuni nusu saa, hema likapata joto, tukaliacha lizimike kabla ya kulala.

Jumapili asubuhi kulinyesha kidogo na hapo turubai ya pamba inastahili sifa, uzi ukilowa unavimba na kuziba vitundu, ndani tukawa wakavu kabisa, sauti ya matone ni tamu mno. Shida ni mdogo kupitisha kidole ukutani kufuata tone, pale alipogusa maji yakaanza kupenya, mstari mzima, hadi kwenye mto wa baba yake. Turubai ikiwa imelowa usiiguse kwa ndani. Na hili nalo wangelisema wakati wa kutukabidhi.

Nilisoma mahali kwamba Juni 1520 Henry VIII wa Uingereza na Francis I wa Ufaransa walikutana karibu na Calais, kila mmoja na mahema ya vitambaa vya nyuzi za dhahabu, wanashindana nani ana hema la kupendeza zaidi, mpaka mkutano wenyewe ukabaki na jina la hicho kitambaa. Wiki mbili na zaidi, mwanzo wa kiangazi vilevile. Nikacheka nikasema kumbe haya mambo ya kupiga hema kwa ajili ya macho ya watu yana miaka 500.

Nyota nawapa 3 na nusu kati ya 5. Hiyo nusu ni ya yule kijana wa mifuko ya mchanga. Kama mwenye kambi anasoma, badilisheni vigingi vyote, bandikeni ratiba ya maji, wekeni hata taa ndogo njia ya chooni, na nitaongeza nyota bila kuombwa.

Wakati tunapakia mizigo nikapiga stori na mama mmoja wa hema namba 2. Hilo liko nyuma, limejificha kwenye vichaka, mgongo umeelekea baharini, mlango unatazama njia ya chooni, hatua 30 tu. Kwenye picha za tangazo halionekani kabisa. Nikamuuliza Ijumaa mlilalaje na ule upepo. Akaniangalia. "Upepo gani?"

Tuko kwenye gari, nikadhani mama mkwe kasinzia, nasikia kwa nyuma, "Mwanangu, tukija tena uwaambie watupe lile baya."